Chupa ya Meza ya Mwisho

Siku mbili tu, na soko la usiku lilikuwa limeshasahau. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni, jua halijamaliza kuzama, na majiko yote yalikuwa yamewaka kuanzia langoni mpaka ukuta wa bahari: mahindi, mihogo, ndizi, nyama ya vijiti, samaki, na mashine mbili za miwa zikishindana kwa kelele. Watu walikula wamesimama, wamechutama, wameegemea baiskeli. Chakula cha pale ni cha bei ya chini, nusu ya kisiwa hula pale, na hakuna aliyekuwa tayari kulala njaa kwa ajili ya mtu mmoja aliyelazwa hospitalini.

Inspekta alisimama langoni akiwatazama mmoja mmoja. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na mitano, aliyehamishiwa kisiwani miezi mitatu iliyopita, na mpaka siku hiyo hakuwahi kuonja kitu sokoni. Kwake kila mtu alikuwa mtuhumiwa mpaka aonyeshe vinginevyo. Hata bibi wa mahindi hakuepuka shaka yake, kwa sababu alipepea moto haraka kuliko moto ulivyohitaji.

Konstebo hakumtilia shaka mtu yeyote. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, na ishirini kati ya miaka yake ya kazi aliipitisha kwenye mabenchi ya soko hilo. Hawajapita hata majiko matatu, tayari alikuwa na kipande cha muhogo mkononi.

"Tuko kazini," Inspekta alimkumbusha.

"Hii ndiyo kazi yenyewe, afande. Mtu hapa hakwambii kitu kama hujala chake." Alitafuna, akapiga chafya mbili mfululizo, kisha akajikuna shingo mpaka kola ikageuka.

"Una mafua?"

"Mafua yatoke wapi? Ni shati hili. Limekuja toka kwa dobi jana asubuhi, leo ndiyo nimelivaa, na shingo inawaka kama nimepakwa upupu. Sijui siku hizi wanafulia sabuni gani."

Inspekta hakumsikiliza. Mambo yenyewe, kwa jinsi yalivyoandikwa kwenye jalada, yalikuwa machache. Juzi, saa moja na nusu jioni, Mpimaji, yule bwana anayepima viwanja, aliketi meza ya mwisho kwenye kibanda cha Mama Pweza, kama alivyofanya kila jioni kwa miaka saba. Akaletewa kikombe cha mchuzi wa pweza. Akachukua chupa ya siki ya pilipili iliyokuwa mezani, akaminya bila huruma, maana alipenda uchachu mpaka machozi yamtoke, akanywa kikombe chote. Kabla ya saa mbili alikuwa chini, amekumbatia tumbo, anatapika. Alfajiri hakuweza tena kusema.

Watu kumi na wanne walikula kutoka jiko lilelile, sufuria ileile, na Mama Pweza mwenyewe alikula. Hakuna aliyeumwa hata kichwa. Kwa hiyo pweza alikuwa safi na mchuzi ulikuwa safi, na ubaya ulikuwa ndani ya chupa. Chupa ilivushwa kwa boti ya asubuhi kwenda maabara ng'ambo, na maabara ikasema siku nne. Daktari aliposikia siku nne alicheka kicheko kibaya. Figo za mgonjwa zilikuwa zinaanza kugoma, alisema, na bila kujua mtu amemeza nini, yeye alikuwa anatibu huku amefumba macho. Mpimaji hakuwa na siku nne. Labda alikuwa na moja.

Mama Pweza alikuwa mahabusu tangu usiku ule. Jana asubuhi Inspekta alimhoji kwa saa mbili na hakuambulia kitu. Alipowekewa kifuniko cha chupa mezani, mwanamke alikitazama mara moja, akarudisha macho sakafuni, na tangu hapo mdomo ukatiwa kufuli. Kwa Inspekta, ukimya wa namna hiyo ulikuwa nusu ya kukiri. Nusu ya pili ndiyo aliyokuja kuitafuta.

Kifuniko alikuwa nacho mfukoni, ndani ya mfuko wa plastiki. Maabara walitaka chupa iliyozibwa sawasawa, na kifuniko hiki hakikuziba kitu: kilikuwa kimetobolewa vitundu kumi na saba.

Kibanda cha Mama Pweza kilifunikwa turubai. Meza zake nne zilipandanishwa, mabenchi yalifungwa kamba. Lakini jiko la jirani yake, Mkaanga Samaki, lilikuwa limeingia ndani ya eneo la kibanda, na mwenyewe alikuwa anageuza samaki kwa raha zake. Alikuwa pande la mtu lenye aproni iliyosahau rangi yake.

"Umesogea," Inspekta alimwambia.

"Nimesogea nini?"

"Hatua mbili. Juzi jiko lako lilikuwa pale kwenye mtaro. Masizi bado yapo chini."

"Pale pananuka, afande. Na huyu mama hayupo."

"Hayupo kwa nini?"

"Si mmemchukua ninyi wenyewe?"

"Kona hii ilikuwa yako zamani."

Mkaanga Samaki aliacha kugeuza. "Ilikuwa yangu. Mwezi uliopita Mpimaji akaja na kamba yake na vigingi vyake, akapima uwanja wote, akasema mpangilio mpya. Mimi nikaenda mtaroni, huyu mama akaja konani. Soko zima linajua, sina cha kuficha."

"Soko zima linajua pia ulimwambia kwamba siku moja atapima kaburi lake."

"Nilisema. Nilikuwa nimeudhika. Na huyo aliyekuletea hilo angekuletea na la pili, kwamba Mpimaji mwenyewe aliangua kicheko, akanunua samaki wawili." Aliifuta mikono kwenye aproni, na mikono ikazidi kuchafuka. "Anaendeleaje, lakini?"

"Hali ya mgonjwa ni ya daktari. Wewe nijibu mimi. Juzi, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili, uliondoka jikoni mara ngapi?"

"Sikuondoka."

"Nani anaweza kusema hivyo zaidi yako?"

Konstebo alikohoa. Mara ya kwanza kikohozi kilikuwa cha kweli, mara ya pili kilikuwa cha aibu. "Afande, mimi."

"Wewe nini?"

"Nilikuwa hapa juzi. Mbele yake. Tangu saa kumi na mbili mpaka zilipopigwa kelele."

"Saa mbili nzima?"

"Samaki walikuwa wadogo, afande."

Mkaanga Samaki alitazama pembeni ili asicheke. Inspekta alihisi damu ikimpanda. Siku mbili alikuwa amemlea mtuhumiwa huyu kichwani, mwenye sababu, mwenye maneno ya vitisho na mwenye jiko hatua nne kutoka meza ya mwisho, na ushahidi wa kumwokoa ulikuwa umetembea pembeni yake wakati wote ukitafuna muhogo.

"Hukuandika kwenye maelezo yako."

"Hukuniuliza nilikuwa wapi, afande. Uliniuliza niliona nini."

Alitoa kifuniko, akakiweka kwenye kiganja cha Mkaanga Samaki. "Hiki ni chako?"

Jamaa alikisogeza kwenye mwanga wa taa. "Nani kakudanganya hiki ni cha mpishi? Angalia." Alinyakua chupa yake ya siki, akaigeuza kifuniko juu. "Vitundu viwili. Unapasha msumari kwenye mkaa, unatoboa mara mbili, basi. Huyu mama naye viwili. Wote hapa viwili, wabishi watatu."

"Kwa nini si kumi na saba?"

Badala ya kueleza, Mkaanga Samaki alifungua chupa yake, akataka kuifunga kwa kifuniko kile kilekile. Inspekta alimzuia mkono. Basi akachukua kifuniko cha chupa ya maji, akaomba sindano kwa mshona viatu wa jirani, akakitoboa vitundu vidogo vingi, akakifunga kwenye chupa ya siki na kuminya. Yalitoka matone machache. Akaminya tena kwa nguvu, shingo ikamtoka mishipa, na halikutoka hata tone.

"Mbegu za pilipili," alisema. "Zinaziba. Hiki ni cha maji matupu, afande. Siki ya pilipili haipiti hapa hata uilipie nauli."

Inspekta akalifunua turubai, akavuta kreti lililokuwa chini ya meza za Mama Pweza. Meza nne, chupa nne, kila jioni. Ndani ya kreti zilikuwamo tatu, zote za vitundu viwili, zote zina mbegu chini. Chupa iliyokwenda maabara ilikuwa ya plastiki ileile nyeupe isiyoonyesha kilichomo, lakini alikumbuka vizuri alipomimina tone kwenye sahani: maji, bila mbegu hata moja.

"Hakuna aliyetia kitu kwenye siki," alimwambia Konstebo taratibu. "Siki haikuwamo kabisa. Chupa nzima ni nyingine. Mtu aliiacha yake mezani, akaondoka na ya Mama Pweza."

"Kinyozi!" Konstebo alisema. "Yule wa langoni ananyunyizia watu maji kichwani."

"Kinyozi ana ile ya kubonyeza," Mkaanga Samaki alimkosoa. "Hiki ni cha dobi. Mpiga pasi ndiye anayetaka maji yatoke kama manyunyu, nguo ilowe kidogo kidogo."

Alipolitamka hilo ni kama alitamani kulirudisha. Aligeukia karai, akaanza kugeuza samaki ambao hawakuhitaji kugeuzwa.

"Dobi gani?" Inspekta aliuliza.

"Mimi ni mtu wa samaki, afande."

"Konstebo, dobi gani?"

Konstebo alikuwa ameacha kujikuna. "Huku kwetu yupo mmoja tu. Nyuma ya soko hapo. Ndiye anayenifulia. Ni mdogo wake Mama Pweza. Tumbo moja."

Inspekta alikumbuka gauni. Mchana, alipopita mahabusu, Mama Pweza alikuwa amevaa gauni jingine, safi, lenye marinda yaliyonyooka kama yamepigwa rula. Alimuuliza askari wa zamu nani kalileta, akaambiwa ni ndugu wa mtuhumiwa, akaridhika. Sasa hakuridhika.

"Geuka," alimwambia Konstebo.

"Afande?"

"Geuka, uniletee shingo."

Watu walianza kutazama. Konstebo aligeuka kwa unyonge, na Inspekta akainusa kola ya askari wake mbele ya soko zima. Siki, na chini ya siki pilipili. Alilivuta shati likae kwenye mwanga. Mgongoni kulikuwa na madoa hafifu ya manjano, yaliyofuliwa haraka bila kutoka, na yote yalikwenda mawili mawili.

"Shati hili lilipigwa pasi lini?"

"Nililipeleka juzi mchana. Jana saa mbili asubuhi nililichukua."

"Kwa hiyo lilipigwa juzi usiku. Kwa chupa ya Mama Pweza." Alikuwa tayari anatembea. "Livue."

"Hapa?"

"Ukifika kule."

*

Chumba cha dobi kilikuwa kimoja, mlango wazi, taa ya balbu moja. Meza ndefu ilitandikwa blanketi kuukuu lililoungua pembeni. Pasi ya mkaa ilikuwa imesimama kwenye kigae, na juu ya kamba mbili zilining'inia nguo za watu, kila moja na kitambaa kidogo cha namba kilichoshonwa kwenye ukosi. Dobi mwenyewe alikuwa kijana mrefu wa miaka thelathini hivi, mabega yameinama kwa kazi. Alikuwa anapiga pasi mkono wa shati ambao ulishanyooka siku nyingi.

"Shikamoo, afande," aliwasalimu bila kuinua uso.

"Marahaba. Unalijua hili?" Inspekta alitandaza shati mezani. Mlangoni Konstebo alibaki na fulana, amekunja mikono kifuani kama mtu aliyekutwa bafuni.

"La Konstebo. Lina namba yangu."

"Lina na siki ya dada yako."

Pasi ilisimama. "Labda lilimwagikiwa wakati anakula. Konstebo anapenda kula."

"Lilimwagikiwa mgongoni? Tena matone mawili mawili, kwa mstari, kama mtu ananyunyiza?" Alitoa kifuniko. "Na hiki?"

"Vifuniko vinafanana."

"Hesabu vitundu."

"Sina haja ya kuhesabu."

"Mimi nimehesabu. Nitachukua na kifuniko cha chupa yako ya maji, ile pale dirishani, nihesabu na hicho. Nadhani vyake navyo ni kumi na saba, kwa sababu mtu akizoea kazi mkono unajirudia. Unakubaliana nami?"

Dobi aliitazama chupa ya dirishani.

"Ulikuwa na chupa mbili. Moja ya maji, na moja ya kitu kingine. Kitu gani?"

"Maji tu."

"Ulikula wapi juzi jioni?"

"Nyumbani."

"Una uhakika? Mkaanga Samaki amesimama hatua nne kutoka meza ya mwisho, na Konstebo wangu mbele yake saa mbili nzima. Niwaulize?"

Konstebo alifumbua mdomo, akaufumba. Hakuona kitu juzi zaidi ya samaki, na Inspekta alilijua hilo. Lakini dobi hakulijua.

"Nilipita kumsalimu dada. Sikukaa."

"Ulipita kumsalimu, sasa. Dakika moja iliyopita ulikuwa nyumbani."

Jasho lilimtoka dobi kwenye mdomo wa juu. Inspekta alimpima. Mtu aliyekusudia kuua asingeondoka na chupa ya siki na kuinyunyiza kwenye shati la askari; angeitupa baharini. Hapa palikuwa na kosa la mkono. Lakini kulijua kosa si kulipata jina la kitu, na bila jina alikuwa amesimama palepale. Alijiandaa kumbana upya, kuanzia mwanzo, polepole, kama alivyofundishwa: mtuhumiwa haambiwi kitu, mtuhumiwa huulizwa kila kitu.

Simu yake iliita. Ilikuwa simu ya zamani yenye sauti ya kupayuka, na chumba kilikuwa kimya.

"Inspekta." Ilikuwa sauti ya daktari, na kila neno lilisikika mpaka mlangoni. "Mkojo umekatika kabisa tangu alasiri. Figo zimesimama. Nipe jina la kitu alichokunywa, kama unalo, nipe sasa hivi. Huenda dawa yake ninayo hapa kabatini. Bila jina nikibahatisha nitamuua mimi."

"Nipe saa moja, daktari. Niko na mtu..."

"Ya kutu," dobi alisema.

Inspekta aligeuka.

"Mwambie ni dawa ya kutoa kutu kwenye nguo." Alikuwa ameshapiga magoti, anachakura chini ya meza, akaangusha kopo la wanga, akatoka na kopo jingine la bati lililoshika unga mweupe pembeni. "Nilikoroga vijiko vinne kwenye chupa. Jina liko hapa, mimi sijui kulisoma, mwambie, mwambie haraka!"

Inspekta alilisoma herufi kwa herufi.

"Chachu kama ndimu," daktari alisema. "Ndiyo maana hakushtuka. Sawa." Simu ikakatika.

Dobi alibaki chini, amelikumbatia kopo. Sasa maneno yalimtoka bila kuvutwa. Alitoka kwa mteja kumtolea madoa ya kutu kwenye nguo, begani mkoba, ndani ya mkoba chupa zake mbili. Akapita kwa dada yake kama kila siku, akakaa meza ya mwisho, akatoa chupa zote mbili ili apate kitambaa cha kufutia mikono. Akala. Akaminya siki kwenye pweza wake, na mkono, ambao kwa miaka kumi umezoea kwamba ukishanyunyiza unarudisha chupa mkobani, ukairudisha. Ukachukua na ya maji. Ya dawa ikabaki mezani.

"Nikafika hapa, nikalishika shati la Konstebo. Nikanyunyiza, nikaweka pasi. Moshi ulionipanda, afande! Nilikohoa mpaka nikakaa chini. Nikanusa chupa." Alijifuta uso kwa mkono. "Nilikimbia. Nilikimbia mpaka sokoni, nikakuta watu wamezunguka."

"Ukafanya nini?"

"Nikarudi."

"Ukarudi. Ukalifua shati, ukalinyoosha, ukalala."

"Sikulala. Wote walisema tumbo limemchafuka, kesho atatoka. Nikasema hospitali kuna madaktari, wao ndio wanaojua, watamtoa sumu. Jana usiku nikaenda nyuma ya kituo, dirishani kwa dada, nikamwambia ni chupa yangu. Akaniambia niende nyumbani na nisifungue mdomo kwa mtu." Aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Hakuna aliyesema wanatafuta jina, afande. Ningejua wanatafuta jina..."

Inspekta alimwambia Konstebo amfunge pingu, na Konstebo akamfunga kwa upole, kama mtu anayemfunga mtoto viatu.

*

Mama Pweza alikuwa ameketi kwenye benchi la mahabusu, mikono magotini. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo mwenye makovu madogo ya mafuta ya moto kwenye mikono yote miwili. Inspekta alivuta kiti, akakaa mbele yake, jalada mapajani. Ilikuwa saa tatu kasoro robo.

"Mdogo wako amesema."

Mwanamke hakushtuka. "Amesema nini?"

"Yote. Chupa, dawa ya kutu, dirisha. Kifuniko ulikijua tangu jana."

"Sindano aliyokitobolea nilimnunulia mimi. Mama yetu alipofariki yeye alikuwa na miaka minne, nikamlea." Alisema bila kujitetea. "Nikakiona kitu chake mkononi mwa polisi, nikafunga mdomo. Wewe ungefanya nini?"

"Ningefikiria mtu anayekufa."

"Anayekufa?" Sasa alishtuka. Alisimama nusu, akaketi tena. "Nani anakufa?"

Mwanamke akamtazama Inspekta kwa namna ambayo hakuna mahabusu aliyewahi kumtazama.

"Jana asubuhi ulipoingia humu," Mama Pweza alisema, "kabla hujakaa kwenye kiti hicho, nilikuuliza mgonjwa anaendeleaje. Ukaniambia maswali unauliza wewe. Ulipokuwa unatoka nikakuuliza tena. Ukafunga mlango."

"Ni taratibu za kazi, mama. Mtuhumiwa akijua..."

"Mtu yule amekula kwangu miaka saba! Mwanangu alipoumwa, baiskeli yake ndiyo iliyompeleka hospitali. Ungenifungulia mdomo wako kidogo tu, ukasema daktari anatafuta jina la kitu, ningekupa jina, ningekupa na kopo, ningempeleka yule kijana kwa sikio mpaka mlangoni kwa daktari. Jela angekwenda, na mimi ningekwenda naye. Nilidhani yule bwana amelala kitandani anakunywa uji! Nilidhani nimenyamazia chupa, kumbe nanyamazia roho ya mtu."

Inspekta alikuwa na jibu. Alilijua kwa ukamilifu, na ukurasa lilipo kwenye kitabu cha mafunzo. Alilitafuta mdomoni akaona linamtia aibu.

Simu ikaita. Alisikiliza muda mrefu kuliko daktari alivyozungumza. Dawa yake ilikuwapo kabatini, alisema daktari, kopo zima. Ilikuwa dawa ya siku ya kwanza, na hata jana asubuhi ingefaa. Wamemtundikia leo, na moyo haukungoja.

"Ni yeye?" Mama Pweza aliuliza.

Inspekta aliiweka simu chini. "Ndiyo, mama. Amefariki."

Mwanamke hakulia kwa sauti. Alijiinamia mpaka paji la uso likagusa magoti, akakaa hivyo. Aliposema, sauti ilitoka chini, kwenye marinda ya gauni. "Na mdogo wangu? Sasa anakuwa nani?"

Hilo nalo Inspekta alilijibu, kwa sababu hakuwa tena na nguvu ya kutolijibu. "Jana asubuhi alikuwa mtu aliyekosea chupa. Leo ni mtu aliyemficha daktari jina la sumu mpaka mgonjwa akafa. Atashtakiwa kwa kuua."

Konstebo aliingia na kalamu na karatasi za maelezo. Alikuwa amevaa koti la mvua juu ya fulana. Aliwatazama wanawake wawili, akaelewa, akasimama pembeni.

Inspekta alifungua jalada, akarudi kwenye ukurasa wa mahojiano ya jana. Aliandika polepole, kwa herufi zinazosomeka, akitamka kila neno kwa sauti ili litakapofika mahakamani asije akalikana. "Mtuhumiwa aliuliza hali ya mgonjwa, mara mbili. Sikumjibu."

"Afande," Konstebo alinong'ona, "hilo si lazima liandikwe. Wakili wa kijana akiliona hilo, utapoteza kazi."

"Ulikuwapo mlangoni jana, ulisikia?"

Konstebo alitazama buti zake. "Nilisikia."

"Basi andika jina lako hapa chini, kama shahidi," Inspekta alisema, akamsogezea kalamu.